Dilwyn wa Mlangoni na Cheti cha Klabu

Dilwyn Prosser hakumwamini mtu yeyote aliyeingia mahali na kalamu mkononi. Mtu akija na panga unaweza kuzungumza naye, alikuwa akisema, maana umeshajua anachotaka. Kwa muda wote niliomfahamu alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya mlango wa Klabu ya Wafanyakazi ya Nantygwern, mbele yake meza ndogo na kitabu cha wageni. Hakuna asiye mwanachama aliyempita bila mwanachama kuandika jina lake kando ya jina la mgeni. Ukimdhamini mgeni, makosa yake ni yako. Akivunja glasi, umevunja wewe.

Huku kwenye bonde letu la wachimba makaa watu wamegawana majina machache ya ukoo, kwa hiyo kila mtu huitwa kwa kazi yake. Tuna Ieuan wa Maziwa, tuna Gareth wa Majeneza, na Dilwyn alikuwa Dilwyn wa Mlangoni. Mimi niliyetoka Tanga nikaolewa hapa naitwa Zuhura wa Bia kwa kuwa nahudumu kaunta, jina ambalo mama yangu hajaambiwa mpaka leo.

Shaka yake Dilwyn haikuzuka hivi hivi. Wakati wa ule mgomo mkubwa wa wachimba makaa, alikuja bwana mmoja mwenye tabasamu, akasema anaandika habari za jiko la supu ambalo wake wa wachimbaji walilifungua kwenye ukumbi wa juu. Akakaribishwa, akapewa bakuli na kipande cha mkate, akauliza majina ya watu na nani alikuwa wapi siku ya vurugu za getini kwa mgodi. Muda si muda waliotajwa wakaanza kukamatwa, na Dilwyn mwenyewe akaonja rumande. Yeye ndiye aliyekuwa amemfungulia mlango yule bwana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Dilwyn tangu siku hiyo aliona unyasi kila mahali.

Wapo waliomcheka. Wakaacha kumcheka siku alipokuja fundi wa kurekebisha piano. Dilwyn alimzuia wakati wa kutoka, akamwambia afungue koti, na ndani ya koti kikaonekana kikombe cha fedha cha kwaya ya wanaume. Baada ya hapo tulimwacha na shaka zake, kwa sababu zilikuwa zinatulinda, na kwa sababu kubishana naye kulichosha.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Dilwyn aliwahi kumwandika kwenye kitabu kwa mkono wake, naye ni mkewe, Mair. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama kamili. Mke aliingia kama mgeni wa mumewe, hata kama ndiye aliyesimama juu ya sufuria ya supu mgomo mzima. Kila Jumamosi Dilwyn aliandika: Mair Prosser, mgeni, mdhamini, D. Prosser. Naye Mair akisema kwa sauti, watu wote wasikie, "Niandike vizuri, nisije nikakuaibisha." Sheria ilipobadilishwa Mair akapewa kadi yake mwenyewe, lakini aliendelea kusimama mezani kungoja kuandikwa. Ule ulikuwa utani wao, na sidhani walikuwa na mwingine waliopenda zaidi.

Kisha Mair akaanza kusahau. Alisahau birika kwenye moto, akasahau njia ya dukani, akasahau kwamba wanawe wamehamia Australia, akawa anawapikia. Dilwyn akawa anamleta klabu na kumkalisha karibu naye mlangoni, na alipolazimika kwenda kuleta mapipa au kufungua stoo alimwacha kwenye kile kiti cha mbao, akiniomba nimtupie jicho. Dilwyn mwenyewe alikuwa amekonda. Kituo cha kutwa cha wazee wanaopoteza kumbukumbu kilikuwa ng'ambo ya mlima, na basi la huko hupita likijisikia. Watu wa ustawi wa jamii walikuwa wameshaanza kutaja makao ya wazee, na kila walipotaja, Dilwyn aliinuka akatoka nje kwenye mvua.

Hapo ndipo Bethan Rees, muuguzi wa hapa hapa kwetu, alipoleta wazo. Alitaka kupanga ukumbi wetu wa juu aufanye kituo. Wazee wangepata mahali pa kushinda, na klabu ingepata kodi, maana tulikuwa hoi: michezo ya bingo ilikuwa imekufa, na vijana wanakunywa kwao. Sikumwona Dilwyn akifurahi kama siku ile. Alimnunulia Bethan sahani ya maini ya kusaga na njegere, naye Dilwyn si mtu wa kununuliana vyakula. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, cheti.

Siku hizi huwezi kupangisha jengo la shughuli kama letu bila cheti cha nishati, karatasi inayoeleza jengo linakula joto na umeme kiasi gani. Jengo hupewa herufi, kuanzia A ya sifa mpaka G ya aibu. Emlyn Tudor, katibu wetu, mwalimu mstaafu anayevaa tai hata akienda kumwaga taka, alitangaza hayo kwenye mkutano kwa maneno marefu, na kama kawaida nusu yetu tulikuwa tunaangalia raga. Alisema mkaguzi atakuja. Dilwyn alisikia neno mkaguzi, mengine yote yakampita.

Maana kulikuwa na jambo lingine. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa amenunua klabu ya bonde la jirani na kuigeuza fleti, na kabla ya kuinunua alikuja mtu na kifaa cha mwanga mwekundu akapima kuta zote. Sasa tajiri huyo alikuwa anaitaka klabu yetu. Na Emlyn alionekana naye kwenye mgahawa wa stesheni. Emlyn alieleza kwamba alikwenda kumwambia haiuzwi.

"Zuhura, mtu akienda kusema hapana anahitaji keki?" Dilwyn aliniuliza, akiwa ameinama kwenye kaunta yangu. "Walikula keki. Ieuan aliwaona."

Nikamwambia labda Emlyn alikuwa na njaa. Akanitazama kama mtu anayehesabu upya marafiki zake.

Mkaguzi alifika asubuhi yenye ukungu. Aliitwa Lowri Pugh, mama wa makamo mwenye viatu vya matope na begi la mgongoni. Emlyn alikuwa kwa daktari wa meno. Dilwyn akamuuliza kama ni mwanachama. Akasema si mwanachama, katumwa na katibu kukagua jengo. Akamuuliza nani anamdhamini. Yule mama akadhani anataniwa. Alipoona hataniwi akakaa kwenye benchi la barazani, akangoja, mpaka nilipoona haya kwa niaba ya bonde zima, nikatoka kaunta nikaandika jina langu kando ya lake. Dilwyn akasema vizuri, lakini yeye ndiye atakayemtembeza.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa ameyapanga tangu alfajiri. Alifikiri hivi: mkaguzi katumwa na tajiri, na tajiri anataka kitu kizuri, basi akionyeshwa kitu kibovu atakwenda kutafuta kwingine. Kwa hiyo alikuwa amezima joto la jengo zima. Boila mpya ya gesi inayopasha jengo joto, ile tuliyoinunua kwa mapato ya matamasha ya kwaya, aliifungia mlango na kuweka viti mbele yake. Kisha akateremka chini kwenye boila ya kale ya makaa, isiyowashwa tangu wengine hawajaoa, akaweka kando yake koleo na ndoo ya makaa aliyoyatoa kwao. Huko ndiko alikompeleka Lowri. "Hii ndiyo inayotutesa," akamwambia. Alipoulizwa nyuma ya viti kuna nini, akasema kuna viti vingine.

Juu darini kulikuwa na fahari yetu. Bei ya sufu ya kondoo huku imeanguka hata hailipi kazi ya kuikata, hivyo wafugaji walituletea magunia kwa magunia, ikasafishwa na kupigwa dawa ya wadudu, na wanachama wenyewe wakaipanga kwenye dari yote, nene kama godoro la bi harusi, ili joto lisitoroke. Lowri akaomba apande aone.

"Huko hakuna kitu, binti yangu," Dilwyn akamjibu. "Kuna popo tu."

Popo wa nchi hii wanalindwa na sheria kuliko sisi. Ukiwasumbua unaweza kushtakiwa. Lowri akaufunga mfuko wa tochi yake. Akamweleza kwa upole kwamba kitu asichokiona na kisicho na ushahidi haruhusiwi kukiandika, na kwamba asipoona, anakadiria kwa umri wa jengo, na jengo hili ni la zamani sana. Dilwyn akamwambia aandike alichoona. Nilimpa yule mama chai kabla hajaondoka. Aliinywa akiwa na koti, akanipa pole kwa baridi tunayofanyia kazi. Alipoondoka tu rediata, yale mabomba ya joto ya ukutani, zikaanza kupata moto, nami nikazishika moja baada ya nyingine nikijiuliza.

Cheti kikaja na G.

Mkutano uliofuata ulijaa watu kuliko fainali ya raga. Kila mtu alikuwa na mtu wa kumshuku. Wengine walisema mkaguzi kahongwa. Wengine walinitazama mimi, kwa kuwa jina langu ndilo lililo kando ya lake, na sitaficha, iliniuma sana kutazamwa hivyo na watu niliowajazia glasi miaka yote hiyo. Kisha Dilwyn akasimama. Alikuwa ametulia, karibu na furaha, kwa sababu kwa hesabu yake mpango ulikuwa umefaulu na sasa kilichobaki ni kumtoa nyoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Muulizeni katibu alikula nini stesheni, na alikula na nani."

Emlyn akawa mwekundu mpaka masikioni. Akajaribu kueleza, watu wakamzomea, na mtu mmoja akatoa hoja kwamba aondolewe ukatibu usiku huo huo. Mikono ilikuwa imeshaanza kuinuka Bethan aliposimama kule nyuma. Hana sauti kubwa, tulilazimika kunyamaza ili tumsikie.

Alisema yeye hajui habari za keki. Anachojua ni kwamba sheria hairuhusu kupangisha jengo lililo chini ya E, kwa hiyo kwa G yeye hawezi kuingia, hata akitaka. Kuna ukumbi wa kanisa ng'ambo ya mlima, wenyewe wanataka jibu kufikia Ijumaa, na itabidi awape. Alituomba radhi. Ndipo Emlyn, bado mwekundu, akaongeza kwamba tajiri amempigia simu asubuhi hiyo akiwa na furaha tele, kwa sababu jengo lisiloweza kupangishwa halina pa kwenda ila kuuzwa, tena kwa bei ya kutupa.

Nilikuwa namtazama Dilwyn. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye meza. Mair alikuwa ameketi kando yake akikunja na kukunjua leso. Akamtazama Mair, akamtazama Bethan, kisha akatazama juu kwenye dari.

"Shusheni mikono," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, boila ya kale, viti, popo. Mtu mmoja akacheka alipofika kwenye popo, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Gareth wa Majeneza, rafiki yake tangu walipochimba makaa pamoja shimoni, ndiye aliyejibu. "Dil, miaka yote unatulindia mlango, kumbe mwizi tumemkalisha kwenye kiti."

Dilwyn alimgeukia Bethan, na sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu kabla ya hapo. Alimwambia kwamba Mair hawezi basi la mlimani, analia likipinda kona. Akamwomba angoje mpaka hiyo Ijumaa. Bethan akasema atangoja mpaka jioni yake, zaidi ya hapo hawezi. Na Emlyn, ambaye dakika chache nyuma tulikuwa tunamfukuza, akatoa simu yake mfukoni akaanza kumtafuta mkaguzi.

Lowri Pugh alirudi Ijumaa asubuhi. Dilwyn alikuwa ameteremka chini kutafuta ngazi, na kama ilivyokuwa desturi alikuwa amemwacha Mair kwenye kiti cha mlangoni. Mimi nilikuwa nafuta glasi. Nikasikia Mair anaweka kiganja juu ya kitabu cha wageni, pah.

"Wewe ni mwanachama?" akamuuliza Lowri.

Lowri akasema hapana, mama.

"Nani anakudhamini?"

Dilwyn akatokea na ngazi begani, kichwani utando wa buibui, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Akasema huyu ni mgeni wake. Akachukua kalamu akaandika: Lowri Pugh, mgeni, mdhamini, D. Prosser. Lilikuwa jina la kwanza nililomwona akiliandika ambalo si la mkewe. Mair akalisoma polepole kwa kidole, akaridhika. Kisha akainua macho akamwangalia yule mzee mchafu mwenye ngazi, kwa jicho lile lile ambalo Dilwyn aliwatazamia watu wote wenye kalamu.

"Na wewe? Nani anakudhamini?"

Nikaweka glasi chini. Nilitaka kusema, Mama Mair, huyu ni mumeo, lakini Dilwyn alinizuia kwa kiganja. Aliishusha ngazi akaiegemeza ukutani.

"Mair Prosser," akasema.

Mair akafikiri. "Namjua huyo," akasema. "Akimdhamini mtu, mtu huyo hana neno." Akamwandika mwenyewe, herufi zikipanda na kushuka, na Dilwyn akaingia kwenye klabu yake kama mgeni wa mkewe.

Lowri alipanda darini, akakaa huko kitambo, akashuka na sufu kwenye nywele. Akauliza popo wako wapi. Dilwyn akamjibu kwamba wamehama. Akaonyeshwa boila ya gesi, akapewa karatasi zake, akapiga picha kila kitu mpaka taa za chooni. Mchana Emlyn akapokea simu: D. Bethan alitia saini mezani kwangu kabla ya jioni, na kalamu aliyotumia ilikuwa ya Dilwyn. Emlyn akamnunulia Dilwyn kahawa na keki ya amani. Dilwyn alikunywa kahawa. Keki aliizungusha kwenye sahani, akaichungulia chini, akaiacha.

Sasa cheti kimetundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, na ukumbi wa juu una joto na piano na wazee. Kila asubuhi Dilwyn humleta Mair, humkalisha kwenye kiti cha mlangoni wakingoja watu wa Bethan washuke kumchukua, na karibu kila asubuhi Mair huweka kiganja juu ya kitabu na kumuuliza nani anamdhamini. Naye humtajia jina lile lile, Mair humsifu mwenye jina, kisha humruhusu apite.

Wiki iliyopita alimjibu kama kawaida, na Mair akatikisa kichwa. "Huyo simjui," akasema. Akavuta kitabu kwake, akakifunga.

Dilwyn alisimama pale kwenye zulia la mlangoni, kofia mkononi, mvua ikimpiga mgongoni, na hakuvuka. Sheria ni yake, ameitunza maisha yake yote. Nikatoka kaunta. Nikamwomba Mama Mair kitabu na kalamu, nikaandika: Dilwyn Prosser, mgeni, mdhamini, Zuhura.

Mair akalisoma jina langu kwa kidole, akanipima toka juu mpaka chini. "Makosa yake ni yako, unajua?"

"Najua, mama," nikamwambia. "Ni yangu."

"Haya, mwingize. Analowa."